Silaha Kiunoni: Sheria za Vibali na Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Aliyeiharamisha damu ya mja wake isipokuwa kwa haki. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Baada ya sala ya Ijumaa, katika msikiti mmoja hapa Lipangalala, Ifakara, kijana mkulima alimfuata imamu akiwa na swali. Shamba lake la mpunga liko mbali na mji, na msimu unapofika hulala huko kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na viboko. Zaidi ya wanyama anawaogopa watu, kwani bonde letu limekwishashuhudia ugomvi mwingi baina ya wakulima na wafugaji. Marehemu babu yake alimwachia gobore, na gobore hilo halina karatasi yoyote. Hulifunga ndani ya gunia na kulibeba kwa siri. Akasema amesikia mawaidha yaliyorekodiwa, ambamo khatibu alieleza kuwa kubeba silaha ni Sunna, kwamba sheria za vibali zimetungwa ili kuwanyang'anya Waislamu izza yao, na kwamba hata huko Marekani mtu hutembea na bastola kiunoni bila kumwomba yeyote ruhusa. Je, ana dhambi?

Imamu alimjibu kwa neno moja: watii wenye mamlaka. Jibu hilo ni sahihi kwa asili yake, lakini kijana aliondoka hakuridhika, na tuliokuwapo tuliona kuwa hakuridhika. Alikuja na hoja tatu naye akajibiwa kwa amri. Makala haya yanakusudia kuzipima hoja zile tatu moja baada ya nyingine, kuzilinganisha sheria za nchi na majimbo mbalimbali juu ya kubeba silaha, kisha kuirudisha mas-ala yote kwenye mizani ya wanazuoni wetu.

HOJA YA KWANZA: KWAMBA KUBEBA SILAHA NI SUNNA

Anayetoa hoja hii huitegemea aya ya 102 ya Suratun-Nisaa, inayowaamuru waumini kuchukua silaha zao hata ndani ya sala ya hofu. Hutaja pia habari ya Anas (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kelele, na Mtume (s.a.w.) akawa amewatangulia, amepanda farasi wa Abu Talha bila tandiko, upanga ukiwa shingoni mwake, akiwatuliza watu wasiogope.

Dalili hizi ni sahihi. Kosa la khatibu ni kuzisoma nusu. Aya hiyo hiyo ya 102 inaendelea kutoa ruhusa ya kuziweka chini silaha kwa mwenye kuudhiwa na mvua au mgonjwa, pamoja na kuchukua hadhari. Basi amri imefungamana na sababu, nayo ni hofu ya adui aliyepo. Na mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyasoma katika pwani yetu na huku bara, walipoifafanua hukumu hii walisema kuchukua silaha katika sala ya hofu ni sunna, na katika kauli nyingine ni wajibu. Kisha wakaweka sharti: mwenye mkuki asisimame nao katikati ya safu ikiwa utawaudhi walio kando yake. Tazama umakini huu, ewe ndugu msomaji. Adui yuko mbele, vita imesimama, na bado fakihi anauliza: je, silaha yako haitamdhuru jirani yako katika safu?

Ama katika hali ya amani, Sunna imejaa makatazo ambayo khatibu hakuyataja. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kuwa anayepita na mishale katika misikiti yetu au masoko yetu azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Abu Huraira (r.a.) amepokea katazo la kumwelekezea ndugu silaha, kwani mtu hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Jabir (r.a.) amepokea katazo la kupeana upanga uliochomolewa, na katika riwaya nyingine iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, katazo la kubeba silaha katika mji wa Makka. Na Abu Daud amepokea kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake.

Imamu Bukhari naye ametenga mlango mzima, katika Kitabu cha Idi mbili, juu ya karaha ya kubeba silaha siku ya Idi na katika Haram. Humo anaeleza Said bin Jubair kuwa alikuwa pamoja na Ibn Umar (r.a.) huko Mina pale ncha ya mkuki ilipomchoma wayo wake hadi mguu ukagandana na kikuku cha kupandia. Al-Hajjaj, aliyekuwa amiri, alipokuja kumtazama akataka kujua aliyefanya hivyo. Ibn Umar akamwambia kuwa ni yeye Hajjaj mwenyewe aliyemjeruhi, kwa kuwa aliruhusu silaha katika siku ambayo hazikuwa zikibebwa, na akaziingiza katika Haram ambamo hazikuwa zikiingizwa. Katika mlango huo huo imetajwa kauli ya Hasan al-Basri kuwa watu walikatazwa kubeba silaha siku ya Idi ila wakimchelea adui.

Mafunzo ya kisa hiki ni mawili. Kwanza, tangu zama za Masahaba palikuwa na mahali na nyakati ambazo silaha haikubebwa, pale watu wanaposongamana. Pili, aliyelaumiwa ni mtawala aliyewaachia askari wake, wala hakusalimika kwa cheo chake. Kanuni ya silaha ikiwa ni ya haki humfunga mwenye dola kabla ya kumfunga mwenye jembe.

Hivyo basi, kauli kwamba kubeba silaha ni Sunna, ikisemwa hivyo hivyo bila ya kufafanuliwa, ni kauli pungufu. Lililo sahihi ni kwamba silaha ni katika mubaha, na hukumu yake hubadilika: huwa sunna au wajibu penye adui, huwa makruhu penye msongamano wa watu, na huwa haramu ikiwa ni ya kutisha au kudhuru.

HOJA YA PILI: KWAMBA HATA MAREKANI WANARUHUSIWA

Hapa inafaa tueleze mambo kama yalivyo, kwa sababu vijana wetu husikia kipande tu. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake juu ya kubeba silaha iliyofichwa. Kwa ujumla yamekuwapo makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la majimbo yasiyotaka kibali. Vermont haikuwahi kudai kibali. Alaska ilikiondoa mwaka 2003, Arizona mwaka 2010, Texas mwaka 2021, na leo zaidi ya nusu ya majimbo yote yako katika kundi hili. Hata humo, wapo waliokatazwa kumiliki silaha, kama vile waliohukumiwa kwa makosa makubwa ya jinai.

Kundi la pili ni la majimbo ambayo mamlaka yanalazimika kumpa kibali kila aliyetimiza masharti yaliyoandikwa. Mfano wake mashuhuri ni Florida, iliyoweka utaratibu huo mwaka 1987 na ikafuatwa na wengi, kabla ya yenyewe kuondoa sharti la kibali mwaka 2023.

Kundi la tatu lilikuwa la majimbo ambayo ofisa alikuwa na hiari ya kutoa au kunyima. New York, kwa sheria yake ya mwaka 1911, ilimtaka mwombaji athibitishe haja maalumu inayomtofautisha na watu wengine. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Bruen, ililibatilisha sharti hilo. New York ikatunga sheria nyingine mwaka huo huo, ikaendelea kudai kibali, na ikapiga marufuku silaha katika sehemu nyingi, zikiwemo nyumba za ibada. Mwaka uliofuata ikalegeza kwa wale wanaozilinda nyumba hizo za ibada.

Kwa hiyo anayesema Marekani mtu hubeba bila ruhusa amesema kweli kwa baadhi ya majimbo na amekosea kwa mengine. Na ajabu ya historia ni kwamba katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Kentucky na Louisiana zilitunga sheria za kukataza silaha iliyofichwa mapema mwaka 1813. Kwao wakati ule, kubeba waziwazi kulionekana ni uungwana, na kuficha kulionekana ni tabia ya mwuaji. Basi hata huko kwenyewe desturi si moja wala haikutulia. Vipi iwe hoja kwetu?

Tena hoja hii ina tatizo kubwa zaidi kwa Muislamu. Tarehe 10 Februari 2015, katika mji wa Chapel Hill, jimbo la North Carolina, waliuawa vijana watatu Waislamu: Deah Barakat, mkewe Yusor Abu-Salha na mdogo wake Yusor, Razan. Aliyewaua alikuwa jirani yao, na alikuwa na kibali halali cha kubeba bastola iliyofichwa. Mwaka 2019 alikiri kosa na akahukumiwa kifungo cha maisha. Kibali kilithibitisha kuwa ametimiza masharti ya karatasi. Hakikuthibitisha kilichomo moyoni. Anayewatamanisha vijana wetu hali ya Marekani akumbuke kuwa ruhusa ile ile anayoisifu ilikuwa pia kiunoni mwa jirani huyo.

Na huko New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, waumini 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch. Silaha za muuaji zilipatikana kwa leseni. Taifa lile lilipiga marufuku aina nyingi za bunduki zijipakiazo zenyewe mwezi uliofuata. Waislamu wa huko, waliokuwa na haki kuliko wote ya kudai silaha mikononi, wengi wao waliunga mkono kubana.

HOJA YA TATU: KWAMBA VIBALI NI HILA YA KUWANYANG'ANYA WANYONGE

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na imamu asiyeijibu hatawapata vijana. Ni lazima tukiri kuwa historia imeibeba.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana huko Brussels kuzuia uingizaji wa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika. Walidai ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na silaha kweli zilikuwa zikitumika katika biashara hiyo. Lakini miaka 15 baadaye, tarehe 30 Agosti 1905, watu wa bonde letu na milima yake waliivamia boma ya Mahenge wakati wa Vita vya Maji Maji, wakakutana na bunduki za rashasha. Upande mmoja ulikuwa na chuma na upande mwingine mikuki, magobore machache na maji ya dawa. Waliosalia walitakiwa kusalimisha silaha zao. Basi mzee wa Kipogoro au Kindamba akisema kuwa karatasi ya serikali juu ya gobore ina harufu ya zamani, hasemi upuuzi.

Marekani nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kutupiwa bomu, Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba silaha huko Alabama, akanyimwa. Sheria ilimpa ofisa hiari, na ofisa akaitumia hiari hiyo dhidi ya mtu mweusi aliyekuwa na haja ya kweli. Mwaka 1967 jimbo la California lilikataza kubeba hadharani silaha zenye risasi, baada ya vijana weusi wa chama cha Black Panther kuanza kuzibeba. Wakati wazungu wenzao walipokuwa wakibeba, sheria hiyo haikuonekana kuhitajika.

Yote haya ni kweli, nasi hatuyafichi. Lakini je, yanathibitisha nini? Yanathibitisha kuwa kibali kikiachwa kwenye hiari ya mtu mmoja hugeuka kuwa dhulma, na penye hiari isiyo na mipaka huingia rushwa, upendeleo na chuki. Hayathibitishi kuwa kanuni yenyewe ya kudhibiti silaha ni batili. Mizani ya mfanyabiashara dhalimu haiharamishi mizani. Hudai mizani itengenezwe.

HALI YA HUKU KWETU

Tanzania Bara, kumiliki silaha ya moto kunahitaji leseni. Sheria ya zamani ya mwaka 1991 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo pamoja na mengine inamtaka mwombaji awe na cheti cha kuthibitisha kuwa anaijua silaha na anafaa kuwa nayo. Kenya nako leseni hutolewa na bodi maalumu kwa mwenye sababu ya kuridhisha, na Desemba 2018 serikali iliivunja bodi iliyokuwapo na kuwataka wamiliki wote wahakikiwe upya.

Pamoja na sheria za leseni, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zote zina kosa la kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kuwatia watu hofu. Asili ya kosa hili ni Uingereza, katika sheria ya Northampton ya mwaka 1328, zama za Mfalme Edward wa Tatu. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyojadiliwa kwa kirefu na majaji wa Marekani katika kesi ya Bruen. Basi kosa linaloweza kumpeleka mtu mahakamani hapa Ifakara na lile walilobishania majaji wa Washington yana babu mmoja. Na Muislamu akilitazama vizuri ataona kuwa kiini chake, yaani kuwatia watu hofu, Mtume (s.a.w.) alikwishakikataza karne saba kabla ya mfalme yule.

Katika nchi za Kiislamu napo pana tofauti. Yemen, kwa sheria yake ya mwaka 1992, iliwaruhusu raia kumiliki silaha na ikataka kibali kwa kubeba mijini. Mwaka 2007 ikapiga marufuku kubeba silaha za moto katika mji mkuu wa Sana'a na miji mingine mikubwa. Vita iliyokuja baadaye imeonyesha kuwa wingi wa bunduki majumbani haukuwapa watu wa Yemen usalama. Oman nako mwanamume huvaa jambia, nayo huonekana wazi, imo alani, na kila anayeiona anajua kuwa ni vazi la heshima.

Uganda imetoa funzo chungu. Baina ya mwaka 2012 na 2016 masheikh kadhaa waliuawa kwa risasi. Novemba 2016 Sheikh Muhammad Kiggundu, aliyekuwa meja katika jeshi, aliuawa huko Masanafu, Kampala, pamoja na mlinzi wake mwenye silaha. Hatusemi kuwa ulinzi haufai. Kuchukua sababu ni katika tawakkul. Tunasema kuwa anayedhani bastola kiunoni ni hirizi amekosea.

NI IPI MIZANI YA FIQHI?

Wanazuoni wameizungumza mas-ala hii katika mlango wa kumzuia mshambuliaji. Asili yake ni kwamba mtu ana haki ya kuilinda nafsi yake, watu wake na mali yake, na imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mwenye kuuawa akiilinda mali yake ni shahidi. Anayewaambia wakulima wa bonde hili kuwa Uislamu unawataka wakae kimya wakivamiwa, huyo naye ameipunguza dini.

Lakini haki hii ina ngazi. Katika Sunan an-Nasai imepokewa kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya anayekuja kumnyang'anya mali yake. Akaelekezwa amkumbushe Allah. Asipokumbuka, aombe msaada wa Waislamu walio karibu naye. Wasipokuwapo, aombe msaada wa mtawala. Na mtawala akiwa mbali, ndipo apigane. Imamu Nawawi katika Minhaj ameweka kanuni kwamba mshambuliaji huzuiwa kwa jepesi kisha jepesi lifuatalo: akizuilika kwa maneno ni haramu kumpiga, akizuilika kwa mkono ni haramu kutumia fimbo, na kadhalika mpaka kufikia kuua. Na ikiwa mtu anaweza kukimbia akasalimika, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa akimbie na asipigane. Ama mali, kuipigania si wajibu. Mpunga ulioliwa na ng'ombe ni dhara, na mwenyewe anastahiki fidia. Damu iliyomwagika kwa ajili ya mpunga huo hailipiki.

Tukumbuke yaliyotokea katika mkoa wetu wenyewe wa Morogoro. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Ugomvi kama huo huanza na mazao na mifugo, huishia na majeneza.

Sasa je, silaha iliyofichwa na iliyo wazi, ipi bora? Jibu limo katika mkataba wa Hudaibiya. Makuraishi walishurutisha kwamba Waislamu watakapoingia Makka mwaka unaofuata, wasiingie na silaha ila panga zikiwa ndani ya ala. Mtume (s.a.w.) akakubali, na mwaka wa 7 Hijria akaingia kwa sharti hilo. Upanga ulio alani unajulikana kuwa upo, hivyo haumhadai mtu, na umefungwa, hivyo haumtishi mtu. Hapa tunapata vigezo viwili: pasiwe na khadaa wala pasiwe na vitisho. Gobore ndani ya gunia linavunja kigezo cha kwanza, na sime iliyochomolewa sokoni inavunja cha pili. Leseni, ikiwa ya haki, hufanya kazi ya ala ile: jamii inajua silaha iko kwa nani, na mwenyewe anajua anaulizwa juu yake.

Ama utiifu kwa sheria hiyo, wapo wasemao kuwa sheria za nchi isiyohukumu kwa Sharia hazimfungi Muislamu. Kauli hii ni hatari. Wanazuoni wamekubali kuwa mtawala anaweza kuwekea mipaka jambo la mubaha kwa maslaha ya umma, na kanuni mashuhuri inasema vitendo vya mtawala kwa raia hufungamana na maslaha. Kudhibiti silaha zisiue watu ni katika maslaha yaliyo wazi. Juu ya hayo, Muislamu anaishi na wenzake kwa ahadi, na aya ya kwanza ya Suratul-Maida inaamuru kutimiza ahadi. Na ikiwa utatiwa ndani kwa gobore la babu, mkeo na watoto wako watakula nini? Kujiingiza katika madhara bila dharura nako kuna hukumu yake.

JIBU KWA KIJANA, NA NENO KWA WENGINE

Kijana wetu basi ajibiwe hivi. Kumiliki silaha si haramu kwa dhati yake. Kuwa na gobore lisilo na leseni, na njia ya kuomba ipo, hakufai, kwa sababu ya mipaka ya mtawala, ahadi na madhara. Aliombee leseni au alisalimishe. Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambavyo mwenye silaha haramu huisalimisha bila kushitakiwa, na huo ni mlango wa faraja kwa mwenye urithi kama wake. Lakini ikitokea akavamiwa usiku shambani na hana pa kukimbilia, ana haki ya kujitetea kwa kilichopo mkononi mwake kwa kadiri ya dharura, na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Asichanganye haki ya kujitetea na ruhusa ya kujiandaa kwa siri.

Kwa makhatibu tunasema: anayetaja dalili atimize dalili. Kuwatajia vijana upanga wa Mtume (s.a.w.) na kuwaficha ncha za mishale ni kuwapa nusu ya dini, na nusu hiyo ikiua, sehemu ya lawama inamrudia mwenye mimbari. Bukhari ameweka pia mlango juu ya kuuza silaha wakati wa fitna, akataja kuwa Imran bin Husain (r.a.) alilichukia jambo hilo. Ikiwa muuzaji anachukiwa, vipi kuhusu anayezichochea kwa maneno?

Kwa wenye mamlaka tunasema: ukiwaambia watu wasijilinde wenyewe, umejitwika wajibu wa kuwalinda. Hadithi ya Nasai imemweka mtawala katika ngazi ya tatu, kabla ya silaha. Ngazi hiyo ikikosekana, mkulima aliye mbali na kituo cha polisi anabaki na ngazi ya mwisho peke yake, na hapo si yeye wa kulaumiwa kwanza. Masharti ya leseni yaandikwe wazi, yasomeke kwa Kiswahili, na mwenye kutimiza apewe bila kuzungushwa, ili pasiwe na mlango wa rushwa na maskini asiwe ndiye pekee anayekosa. Na anayebeba silaha ya dola akumbuke mguu wa Ibn Umar.

Na kwa maimamu wenzetu wa Lipangalala, Mlimba, Malinyi na bonde lote: ngazi ya pili katika hadithi ile ni sisi. Mtu aliyevamiwa anaelekezwa kwa Waislamu walio karibu naye. Mkulima anasali hapa, na baadhi ya wafugaji wanasali hapa hapa. Ni misikiti mingapi imewahi kuwakalisha pamoja kabla ya msimu, wakakubaliana njia ya kupitishia ng'ombe na kiasi cha fidia, kukiwa na mashahidi na maandishi? Tukiifanya ngazi hiyo ikanyagike, wachache watafika ngazi ya nne.

Tunamuomba Allah (s.w.) aijaalie miji yetu amani na azisalimishe nyoyo zetu kabla ya mikono yetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.